Tunasafisha ufukwe kila Jumamosi na taka zinarudi: tufanye nini Matema?

SWALI: Nina nyumba ndogo ya wageni Matema, wilaya ya Kyela, vyumba sita, karibu kabisa na Ziwa Nyasa. Mwaka jana nilikwenda Unguja kwenye harusi, nikaona wenye hoteli na wanakijiji wanatoka pamoja kusafisha ufukwe. Niliporudi nikawashawishi majirani tukaanza na sisi, kila Jumamosi asubuhi. Sasa tumefikisha miezi minane. Tunajaza magunia, wiki inayofuata pamekuwa vilevile, na wengine wameanza kuchoka. Halafu wageni siku hizi wananiuliza swali jingine: hili ziwa lina kichocho? Wenzetu wa pwani wanafanya nini ambacho sisi hatufanyi?

JIBU: Dada yangu, ndaga fijo, yaani asante sana, kwa swali lako. Miezi minane ya kuinama mchangani si midogo, wala sitaki mwache. Ila naona mmeiga kile cha pwani kinachoonekana kwa macho, na kazi yenyewe iko kwenye vile visivyoonekana. Tena mmekiiga kwenye maji yenye tabia nyingine kabisa. Mimi ningeanza na vyoo vyenu, nikafuatia yale maji ya kina kifupi yaliyo mbele ya nyumba zenu, kisha nikapanda mtoni. Mchanga ningeuweka mwisho.

Nianze na tabia ya maji. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila ikipwa inaondoka na kitu. Si kwamba huo ni usafi, maana kinachoondoka Unguja kinafika kwa mwingine, lakini angalau maji ya ufukweni hubadilika. Ziwa Nyasa halina mwendo huo. Urefu wake unazidi kilomita 550, kina chake kinafika kama mita 700, na mito inayoingia ni mingi: upande wetu tu kuna Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, na kule chini Ruhuhu. Mto unaotoka ni mmoja, Shire, kusini kabisa nchini Malawi. Na huo Shire wenyewe hubeba sehemu ndogo. Maji mengi ya ziwa hili huondoka kwa mvuke, juani. Mvuke haubebi chupa ya plastiki, haubebi mafuta ya injini ya boti, haubebi kinyesi. Vyote hivyo hubaki.

Kuna jambo jingine la ziwa hili ambalo wakazi wengi wa kando yake hawajawahi kuambiwa. Ukishuka zaidi ya mita 250 hivi hukuti oksijeni. Chini huko samaki hawaishi. Kwa hiyo mamia ya aina za samaki wa Nyasa, ambao wengi wao hawapo mahali pengine popote duniani, wamebanana kwenye tabaka la juu, na wengi wao huishi karibu na ukingo, kwenye mawe na mchanga ambapo wageni wako wanaogelea. Mtu akitazama maji yale ya buluu anafikiri ni mengi yasiyo na mwisho. Yenye uhai ni ukanda mwembamba, nanyi mmejenga juu yake.

Ongeza upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti hivi unavuma ule wa kusini-mashariki ambao wavuvi wa ziwa hili huuita mwera, na kazi yake ni kusukuma kila kinachoelea kuja kaskazini. Matema iko kwenye kona ya kaskazini, milima ya Livingstone imewakinga mgongoni. Chochote kilichotupwa mbali huko kikiletwa na mwera, kikifika kwenu hakina pa kwenda tena. Kwa hiyo msilaumiane. Huenda sehemu kubwa ya yale magunia si uchafu wa Matema.

Sasa nirudi Unguja. Wale uliowaona na fagio wanafanya jambo jema, lakini mimi ningependa siku moja ufike kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini kidogo ya mji wa Zanzibar. Kimetengwa kuwa hifadhi tangu 1994, na kinajiendesha kwa fedha za wageni. Maji yanavunwa ya mvua, kutoka kwenye mapaa ya vile vibanda vyenyewe. Maji ya kuogea yanapitishwa kwenye vitalu vya mimea kabla ya kuingia ardhini. Vyoo ni vya mboji, havina maji ya kuvuta, kwa hiyo hakuna kitu kinachochuruzika kwenda kwenye matumbawe. Upande wa magharibi hakuna anayevua, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa hapohapo, waliojua kila mwamba. Kupiga picha watu wakiokota chupa ni rahisi. Choo hakipigwi picha, ila ndicho kinacholinda yale matumbawe.

Basi tuongee kuhusu choo, na niongee kwa urefu, kwa sababu naamini hapa ndipo penye deni kubwa la wenye nyumba za wageni.

Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na ardhi yenu ya ufukweni ni mchanga. Maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso. Wakati wa kiangazi fundi anachimba shimo la choo mita tatu, anakuta pakavu, anajenga, analipwa, anaondoka. Inapofika Aprili maji ya ardhini yanapanda, yanaingia shimoni kwa chini, na kile kilichomo kinaanza kusafiri kupitia mchanga kuelekea pale ardhi inapoteremkia, yaani ziwani, au kwenye kisima cha jirani. Mchanga unachuja kidogo tu. Hata karo la kisasa, lile tangi la kupokea maji ya choo, lenye chemba mbili halisaidii kama lile shimo la kunyonyea maji yake limekaa ndani ya maji. Nimesimama mimi mwenyewe kwenye nyumba moja ya wageni kando ya ziwa hili, nzuri, yenye vigae na maua, na mita kumi na tano kutoka ukingoni palikuwa na kifuniko cha karo kinachotoa harufu kila mawimbi yakipanda. Wageni walikuwa wakiogelea mbele yake. Sijapata kusahau.

Kanuni inayofuatwa na mafundi wa afya ni kwamba sakafu ya shimo ikae juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu angalau, na kutoka kisimani iwe mita 30 au zaidi. Kwa Matema kanuni ya kwanza mara nyingi haiwezekani ukichimba kwenda chini. Kwa hiyo jenga kwenda juu. Choo cha mboji kinakaa juu ya ardhi: vyumba viwili vya matofali yaliyosakafiwa, ngazi tatu nne za kupandia, kiti kinachotenganisha mkojo. Kila anayetumia anamwagia kopo la majivu au pumba za mpunga, na pumba Kyela hamkosi. Chumba cha kwanza kikijaa unakifunga, unahamia cha pili. Kile kilichofungwa kiache mwaka mzima, usikiguse, usikimwagie maji. Joto lenu la kando ya ziwa linamaliza vijidudu na mayai ya minyoo. Baada ya mwaka unatoa kitu kama udongo mweusi, unakifukia kwenye mashina ya kakao au migomba, si kwenye mchicha.

Najua utaniambia mgeni kutoka Dar es Salaam anataka choo cha kuvuta. Wengine wanataka kweli. Basi vile vya kuvuta visogeze nyuma kabisa ya kiwanja, mbali na ziwa, na shimo la kunyonyea ulinyanyue kwa kujaza kifusi na kokoto, upande juu yake matete au maua. Maji ya kuogea na kufulia yasiingie humo, yapeleke kwenye kitalu chake cha kokoto na magimbi. Choo cha mboji anza na kimoja, kiwe safi kuliko vyote, kipake chokaa, weka taa. Wageni wa nje wengi wamekwisha kuvizoea.

Hapa ndipo ninapofikia kichocho, na utaona kwa nini sikukitenga na choo. Kichocho cha mkojo kinaanzia kwa mtu mgonjwa anayekojoa majini. Mayai yanaanguliwa, vijidudu vinavyotoka humo vina muda usiozidi siku moja hivi kumpata konokono wa aina fulani. Vikimpata vinaongezeka ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha vinatoka kwa maelfu kuingia majini, hasa mchana jua likiwa kali, na vinapenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Vikikosa mtu hufa ndani ya siku mbili. Kata popote kwenye mzunguko huo na ugonjwa unakatika: mkojo usifike majini, au konokono wapungue, au mgonjwa atibiwe.

Kwenye konokono kuna habari ambayo kila mwenye hoteli kando ya Nyasa angepaswa kuijua. Kusini mwa ziwa, Malawi, kuna kijiji cha watalii kinachofahamika sana, Cape Maclear, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi iliyoanzishwa 1980 na kuingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia 1984. Zamani watu waliamini fukwe zile za wazi, zenye mchanga na mawimbi, hazina kichocho. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hali ikabadilika. Watoto wakaugua, wageni wakarudi kwao na ugonjwa, na jina la mahali likachafuka. Watafiti waliofuatilia walikuta konokono wameongezeka kwenye maji ya karibu, na samaki wanaokula konokono wamepungua. Ni samaki wa ukoo wa perege, wenye mifupa mizito kooni ya kuvunjia gamba. Walikuwa wamevuliwa kwa nyavu za kukokota ufukweni, yaani kokoro, zinazokomba kila kitu pamoja na vifaranga. Samaki walipoondoka, konokono wakapata nafasi.

Ndiyo maana ukiniuliza kama kazi ya mazingira kwa Matema ni kuokota chupa au ni kuzuia kokoro, nitakujibu kokoro bila kusita. Kokoro limepigwa marufuku na kanuni za uvuvi, hilo linajulikana. Lakini marufuku haitembei ufukweni saa kumi alfajiri. Wanaoweza kutembea ni BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, na mara nyingi hakina hata tochi wala mafuta ya boti. Hapa wenye nyumba za wageni mna nafasi ambayo serikali haina: mnaishi mbele ya maji hayo, na mna sababu ya mfukoni ya kutaka samaki wabaki. Kaeni na BMU mkubaliane kipande cha ufukwe, hata cha mita mia tatu, ambapo hakuna nyavu za aina yoyote kutoka ukingoni hadi mita 100 kuingia ndani. Hifadhi ya Malawi nayo inalinda ukanda wa mita 100 wa maji kuzunguka visiwa vyake. Nyie changieni mafuta na tochi. Na samaki wa mezani mnunue kwa wavuvi wanaotii, mbasa na usipa, kwa bei isiyowadhalilisha. Mvuvi aliyeachishwa kokoro bila kupewa njia atalirudia usiku, na mimi siwezi kumlaumu sana mtu mwenye watoto.

Kwa wageni, usiwaambie ziwa ni salama kabisa na usiwatishe. Waambie ziwa lote linachukuliwa kuwa na uwezekano wa kichocho, maji ya wazi yenye mawimbi ni afadhali kuliko penye majani na maji yaliyotuama, na kwamba wakifika kwao wapime baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu mapema zaidi kipimo hakioni kitu na dawa haifanyi kazi yake vizuri. Dawa ni prazikuanteli, ileile wanayopewa watoto shuleni kwa kupimwa urefu na fimbo. Andika hayo kwenye karatasi, yabandike mlangoni. Mgeni aliyeambiwa ukweli hurudi, aliyefichwa akaugua anawaambia marafiki mia. Maji ya bafuni kwako yakitoka ziwani, yaache kwenye tangi lililofunikwa siku mbili kabla ya kutumika, vile vijidudu vitakuwa vimekufa.

Mtoni nitapita haraka, si kwa sababu ni padogo, ila kwa sababu hapako mikononi mwenu peke yenu. Chupa unayoiokota Matema inaweza kuwa imetupwa kwenye mtaro wa soko Ipinda au huko juu Tukuyu. Mvua za kwanza ndizo zinazoshusha kila kitu, kwa hiyo siku moja ya kazi mwishoni mwa Oktoba kwenye mitaro ya soko ina thamani kuliko Jumamosi kumi za Aprili mchangani. Ongeeni na wenzenu wa Ipinda. Mdomoni mwa Lufilyo msikubali mtu afyeke matete ili "paonekane pazuri". Matete yanashika tope na taka kabla hazijafika ziwani. Na wakati mito imejaa mbasa hupanda kwenda kutaga juu kwenye changarawe, kwa hiyo atakayeziba mdomo wa mto kwa nyavu siku hizo anavua samaki wa mwaka kesho.

Kuhusu plastiki zenyewe. Mifuko imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kilichobaki ni chupa za maji. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu kumi hadi kumi na tano, maana yake kilo moja ni chupa sabini hadi mia. Usimdanganye kijana yeyote kwamba atatajirika. Zikanyageni, zifungeni kwenye magunia, mwombe nafasi kwenye lori la soda linaporudi Mbeya na kreti tupu. Msizichome. Taka za jikoni, ambazo ndizo nyingi kwa uzito, zibaki kwenu kwenye shimo la mboji.

Lakini bora zaidi ni chupa zisiingie. Hapo mna mali ambayo Unguja hawana. Kila Jumamosi hapo Lyulilo unafanyika mnada wa vyungu, akina mama wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vimefinyangwa kwa mkono. Nunua mitungi sita. Chemsha maji, yapoe, yatie mtungini, weka kata na bilauri, na umwambie mgeni maji ya kunywa ni bure. Udongo unapitisha unyevu kidogo, unyevu ukikauka maji yanapoa bila friji. Mgeni anakunywa maji baridi, anaacha kununua chupa tatu kwa siku, na mara nyingi anauliza mtungi umetoka wapi, kesho yake anakwenda Lyulilo kununua wake.

Na hapo nina swali dogo kwako: kwa nini mlichagua Jumamosi asubuhi? Hiyo ndiyo saa ambayo nusu ya watu wako mnadani, na taka za mnada wenyewe zinakuja mchana. Hamishieni jioni ya siku hiyohiyo, mnada ukishatawanyika, na muanzie Lyulilo. Msipite kila wiki. Mara moja kwa mwezi inatosha kabisa, na iwe siku ya kuhesabu: chupa ngapi, nyavu kuukuu ngapi, ndala ngapi. Baada ya mwaka mtakuwa na karatasi ya kupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kwa halmashauri ya wilaya, na karatasi ya namna hiyo husikilizwa.

Jambo la sheria, kwa sababu najua kuna watu wananunua viwanja huko sasa baada ya lami kutoka Kikusya kufika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Watu wanapima Novemba, maji yakiwa yamerudi nyuma. Ziwa hili hupanda na kushuka kwa mwaka, na hufika juu baada ya mvua, karibu na Mei. Pimeni Mei. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo yake kuhusu vyoo, kokoro na taka: inaandaliwa na halmashauri ya kijiji, inajadiliwa kwenye mkutano mkuu, inapelekwa wilayani kuidhinishwa. Inachukua muda, anzeni mapema. Na kwa upimaji wa maji ya visima na ya ufukweni, ofisi ya Bonde la Ziwa Nyasa iko Tukuyu, si mbali. Nendeni kama kikundi, si mtu mmoja mmoja.

Kwako wewe binafsi, kabla ya yote hayo, fanya hivi. Chimba shimo la majaribio nyuma ya nyumba yako, upana wa jembe, na jingine karibu na karo lako. Usichimbe sasa, subiri Aprili. Pima kwa kamba kutoka juu ya ardhi hadi maji yalipo, asubuhi, siku tatu mfululizo, kisha niandikie vipimo hivyo pamoja na umbali wa karo kutoka ukingoni. Nitakuchorea choo cha kiwanja chako, na fundi yeyote anayejua kujenga tanuri la matofali ataweza kukisimamisha.